WhatsApp kwenye kompyuta: kivinjari, programu, emuleta au kebo ya USB?

Kuandika bei za bidhaa thelathini kwa kidole gumba kunachosha. Kunachosha pia kutafuta PDF aliyotuma mteja wiki iliyopita, au kuwajibu wazazi wa darasa zima huku matokeo ya wanafunzi yako kwenye Excel upande wa pili. Ukiwa na kibodi na skrini pana, kazi hizo huisha kwa robo ya muda. Swali ni uifungue WhatsApp kwa njia gani, maana zipo nne zinazofanya kazi kweli, na kila moja ina mahali inapokuangusha.

WhatsApp Web ilipotoka Januari 2015 ilikuwa kioo tu cha simu: simu ikizimika, kompyuta nayo inanyamaza. Mwaka 2021 WhatsApp ilianza kuleta mfumo wa vifaa vingi. Siku hizi unaweza kuunganisha hadi vifaa 4 mbali na simu yenyewe, na kila kimoja kinapokea ujumbe moja kwa moja hata simu ikiwa imezimwa. Sharti ni kwamba simu isikae zaidi ya siku 14 bila kutumika, la sivyo vifaa vyote vinatolewa kwenye akaunti. Wengi bado wanapanga mambo kwa mazoea ya zamani, wakiamini wakiondoka na simu yao, kompyuta waliyoiacha nyuma haina kitu. Sivyo tena.

## Mambo ya kujiuliza kabla ya kuchagua

La kwanza, na ndilo zito kuliko yote: kompyuta ni ya nani? Ya kwako iliyo chumbani, ya ofisi ambayo fundi wa IT ana nywila yake, na ya steshenari unayoikalia dakika kumi ni kompyuta tatu za hatari tofauti kabisa. Ukishaiunganisha, kompyuta inakuwa na ufunguo wake wa kusoma mazungumzo yako, uwe karibu nayo au uwe umeshapanda daladala.

La pili: data inatoka wapi, na nani anailipia? Anayetumia Wi-Fi ya ofisi hana sababu ya kuhesabu megabaiti. Anayeiwashia kompyuta hotspot kutoka kwenye bando la simu anayo sababu. Video ya MB 20 ikipakuliwa kwenye simu, kisha ikapakuliwa tena kwenye kompyuta, bando lile lile limetoa MB 40.

La tatu ni nguvu na umri wa mashine: RAM ngapi, Windows ipi. La nne ni kama unahitaji kupiga simu za sauti na video ukiwa kwenye kompyuta, au maandishi na mafaili vinatosha. La tano ni hali ya siku mbaya: umeme umekatika, simu imeibwa, kompyuta imeharibika. Nini kinabaki?

Kila njia hapa chini imepimwa kwa maswali hayo hayo.

## 1. WhatsApp Web kwenye kivinjari

Kuiweka. Fungua Chrome, Firefox, Edge, Opera au Safari, andika web.whatsapp.com wewe mwenyewe kwenye sehemu ya anwani. Usiitafute Google na kubofya tokeo la kwanza, kwa kuwa zipo kurasa za kuigiza zinazoonyesha msimbo wa QR wa mtu mwingine. Ukiuskani, umemuunganisha yeye kwenye akaunti yako. Kwenye simu ya Android gusa nukta tatu juu kulia. Kwenye iPhone nenda Mipangilio. Ingia Vifaa vilivyounganishwa, kisha Unganisha kifaa, weka alama ya kidole au PIN, elekeza kamera kwenye msimbo. Kamera ikiwa mbovu, chagua kuunganisha kwa namba ya simu: kompyuta itakupa msimbo wa herufi na tarakimu 8 uuandike kwenye simu. Msimbo huo unautoa wewe kwa kompyuta iliyo mbele yako, basi. Mtu akikutumia msimbo wa aina hiyo akisema uuingize ili upate zawadi, uone picha au uhakiki akaunti, anaomba kuingia ndani ya WhatsApp yako.

Historia inayohamia ni ya takriban mwaka mmoja nyuma. Ujumbe wa zamani zaidi utafute kwenye simu. Waliozoea Telegram hushangaa kuona mazungumzo hayaji yote, lakini Telegram huhifadhi mazungumzo ya kawaida kwenye seva zake, ilhali hapa simu yako ndiyo inayotuma nakala.

Data na mzigo. Hakuna cha kusakinisha, na hii ni faida kubwa kwenye kompyuta ambayo huna ruhusa ya kuongeza programu. RAM inayotumika ni megabaiti mia kadhaa, na huongezeka kadiri unavyofungua makundi yenye picha nyingi. Kwenye Chrome bonyeza Shift+Esc uone kila kichupo kinakula kiasi gani. Upakuaji wa picha, video na sauti unaojiendesha wenyewe uzime kwenye mipangilio ya ukurasa huo mapema, kabla hujafungua kundi lolote la familia.

Simu. Hapa ndipo ilipokuwa nyuma muda mrefu. Kwa zaidi ya miaka kumi ukurasa huu haukuwa na kupiga simu, na uwezo huo umeanza kuletwa kwa hatua. Kama kazi yako ni mikutano ya kila siku, usiitegemee mpaka umeijaribu kwenye akaunti yako.

Usalama. Kwenye mipangilio ya faragha kuna kufuli ya skrini yenye nywila yake: ukurasa unajifunga baada ya dakika kadhaa bila kuguswa. Iwashe kwenye kompyuta yoyote iliyo mezani ambapo watu hupita. Ukisahau nywila hiyo hakuna hasara kubwa, unatoka na kuunganisha upya. Kwa wanaohofia kwamba ukurasa wenyewe umechezewa, WhatsApp ilitoa mwaka 2022 kiendelezi kinachoitwa Code Verify kwa ajili ya Chrome, Edge na Firefox. Huwa kinalinganisha msimbo wa programu ya ukurasa uliopokelewa na ule uliotangazwa, na kuonyesha rangi ya kijani vikilingana.

Inapokwama. Lalamiko la kawaida: "Kila asubuhi inaniomba QR upya." Karibu mara zote sababu ni kivinjari kinachofuta vidakuzi (cookies) kikifungwa, dirisha la faragha (incognito), au programu ya kusafisha kompyuta iliyowekwa na fundi. Funguo za mazungumzo hukaa ndani ya hifadhi ya kivinjari, kwa hiyo ukiifuta umejitoa mwenyewe. Zuia ufutaji kwa tovuti hii moja.

Tatizo la pili linazikumba kompyuta kuukuu za mezani: ukurasa unagoma kufunguka, kivinjari kinasema muunganisho si salama. Tazama saa kwenye kona ya chini. Ikionyesha mwaka wa nyuma sana, betri ndogo ya duara kwenye ubao mama imekufa. Kwa kawaida ni CR2032, ile ya volti 3 inayouzwa hata kwa mafundi saa. Vyeti vya usalama vya tovuti hupimwa kwa tarehe. Tarehe ikiwa mbovu, kila tovuti salama inaonekana batili. Rekebisha saa ufanye kazi leo, badilisha betri ili kesho isirudi.

Na ikiwa msimbo wa QR hausomeki, ongeza mwanga wa skrini, futa kioo cha kamera, vuta ukurasa hadi asilimia 125, kisha ubonyeze msimbo ujitengeneze upya kwa kuwa hukaa muda mfupi tu.

Inamfaa anayehamahama kati ya kompyuta, mwenye kompyuta ya ofisi iliyofungwa, na mtumiaji wa Linux, kwa kuwa WhatsApp haijatoa programu rasmi ya Linux. Inamfaa pia mwenye Windows 7 ambaye hana namna nyingine. Chrome iliiacha Windows 7 tangu toleo la 110 mwaka 2023, na Firefox ESR 115 ndiyo tawi la mwisho la Firefox kuikubali. Ukiwa hapo, jua unatembea kwenye daraja linaloondolewa mbao.

Ukitaka dirisha lake peke yake na alama yake chini ya skrini bila kusakinisha programu nzima, Chrome na Edge zinaruhusu kuugeuza ukurasa kuwa programu kupitia menyu ya nukta tatu. Ni jambo la sekunde kumi, na linamwondolea mtu tabu ya kuutafuta ukurasa kati ya vichupo arobaini.

## 2. Programu ya WhatsApp ya Windows na Mac

Kuiweka. Ichukue Microsoft Store au App Store ya Mac, au uanzie whatsapp.com/download ambayo itakupeleka huko huko. Usipakue faili la usakinishaji kutoka kwenye tovuti za "programu za bure". Kuunganisha ni kule kule: QR au namba ya simu. Inahitaji Windows 10 au 11. Mwenye Windows 7 au 8 arudi kwenye njia ya kwanza.

Data na mzigo. Zamani jibu lilikuwa rahisi: programu ni nyepesi kuliko kivinjari. Toleo la Windows lililoenea kuanzia 2022 lilikuwa limeandikwa mahsusi kwa mfumo huo na lilikuwa jepesi kweli. Mwishoni mwa 2025 Meta ililibadilisha, na sasa kilichomo ndani ya dirisha ni ukurasa wa wavuti unaoendeshwa na WebView2, injini ile ile ya Edge. Ulaji wa RAM umepanda, na kwenye kompyuta ya GB 4 utausikia. Fungua Task Manager kwa Ctrl+Shift+Esc ujipimie mwenyewe. Ushauri wa miaka mitatu iliyopita kwamba programu huokoa RAM, kwa Windows, umepitwa na wakati. Mac haikuguswa na badiliko hilo.

Kuhusu data, hatari yake ni kwamba inafanya kazi hata hujaitazama. Ikiwaka pamoja na kompyuta, itapakua vilivyotumwa usiku kucha mara tu hotspot inaposhika. Ingia mipangilio ya hifadhi, zima upakuaji wa picha, sauti, video na nyaraka. Kisha kwenye mipangilio ya Windows, kwenye Wi-Fi ya hotspot yako, washa swichi iliyoandikwa Metered connection. Kompyuta itajua mtandao huo unalipiwa kwa kipimo, na Windows itasitisha sehemu kubwa ya upakuaji wa masasisho yake. Masasisho hayo ndiyo huwa mlaji mkuu. WhatsApp husingiziwa tu. Wanaonunua bando la WhatsApp pekee wawe makini zaidi hapa, kwa kuwa bando hilo halilipii Windows Update wala kivinjari, na kompyuta ikipata mlango inaanza kula salio au bando la kawaida.

Simu. Hii ndiyo sababu kuu ya kuichagua. Simu za sauti na za video, za mtu mmoja na za kundi, hadi watu 32, pamoja na kuonyesha skrini yako kwa wenzako. Fundi anayemwelekeza mteja, mwalimu anayepitia swali la hesabu, ndugu walio miji tofauti wanaopanga harusi: kwa hao njia ya kwanza haitoshi. Vaa vipokea sauti vya masikioni. Spika na maikrofoni za kompyuta mpakato za bei nafuu hurudisha mwangwi, na anayeteseka ni yule wa upande wa pili. Sauti isipotoka, kagua kwanza ruhusa ya maikrofoni kwenye mipangilio ya faragha ya Windows, kwa sababu programu inaweza kuwa imenyimwa bila wewe kujua.

Usalama. Mazungumzo yanakaa kwenye diski ya kompyuta na programu inafunguka yenyewe. Anayejua nywila ya akaunti yako ya Windows, au kompyuta isiyo na nywila kabisa, ameshaingia. Kompyuta ya familia yenye akaunti moja ya watu wote haifai kwa njia hii. Tengeneza akaunti tofauti ya Windows kwa kila mtu. Ni kazi ya dakika tano na inaondoa ugomvi mwingi ndani ya nyumba.

Inapokwama. Arifa hazitokei: tazama kama Windows iko kwenye hali ya usisumbue. Ujumbe unasema unasubiriwa na haufunguki: kifaa hakijapata ufunguo wa ujumbe huo, basi fungua WhatsApp kwenye simu ikiwa na intaneti na uipe muda. Ukitolewa ghafla baada ya sasisho, unganisha upya. Ujumbe uko kwenye simu, hakuna kilichopotea.

Inamfaa mwenye kompyuta yake mwenyewe yenye RAM ya GB 8 au zaidi, anayepiga simu au kufanya mikutano, na duka lenye wahudumu kadhaa wanaojibu namba moja ya WhatsApp Business kutoka meza tofauti.

## 3. Emuleta: Android nzima ndani ya kompyuta

Emuleta ni programu inayoigiza simu ya Android. Maarufu zaidi ni BlueStacks. Ilikuwapo pia njia ya Microsoft yenyewe ya kuendesha programu za Android ndani ya Windows 11, lakini ilisitishwa tarehe 5 Machi 2025. Anayekuelekeza huko anakupa ramani ya zamani.

Kuiweka. BlueStacks 5 inadai angalau RAM ya GB 4 na nafasi ya GB 5 kwenye diski. Hicho ni kiwango cha kuwaka tu. GB 8 ndipo unapoweza kufanya kazi nyingine pembeni. Lazima uwashe uwezo wa uigizaji kwenye BIOS, yaani mipangilio ya kompyuta inayofunguka kabla ya Windows (VT-x kwa Intel, AMD-V kwa AMD). Zima kompyuta, iwashe ukibonyeza F2, F10 au Del kulingana na kampuni iliyoitengeneza, tafuta kipengele hicho, hifadhi na utoke. Bila hilo emuleta itakuwa nzito kiasi cha kukufanya uache.

Sasa sehemu inayowaumiza wengi. WhatsApp ndani ya emuleta inajiona ni simu. Ukisajili namba yako pale kwa msimbo wa tarakimu 6 unaokuja kwa SMS, simu yako halisi inatolewa kwenye akaunti papo hapo. Kama huo si mpango wako, usiingize namba. Kwenye ukurasa wa usajili gusa nukta tatu, chagua kuunganisha kama kifaa cha ziada, kisha skani QR kwa simu. Uwezo huo wa simu ya pili ulikuja Aprili 2023, na unahesabiwa ndani ya vile vifaa 4.

Data na mzigo. Ni nzito kuliko njia zote, na inapakua kila kitu mara ya pili kama kifaa kingine chochote. Kompyuta mpakato hupata moto na betri hushuka haraka.

Simu. Zinawezekana, lakini kamera na maikrofoni hupitia tabaka mbili na ubora huyumba.

Usalama. Hii si njia rasmi. WhatsApp yenyewe ichukue Play Store iliyo ndani ya emuleta, kamwe si matoleo yaliyochezewa kama GB WhatsApp, ambayo WhatsApp huyafungia akaunti.

Inapokwama. Kompyuta ikifa na namba ilisajiliwa humo, namba unaipata tena kwa SMS, lakini mazungumzo yanakwenda na diski. Washa hifadhi rudufu ya Google tangu siku ya kwanza.

Inamfaa mtu mmoja hasa, na kwake hakuna mbadala mzuri: mwenye kitochi na kompyuta. Laini iko kwenye kitochi, SMS ya uthibitisho inaingia humo, na WhatsApp inaishi kwenye kompyuta. Mwanafunzi aliyeibiwa simu katikati ya muhula anaweza kusukuma miezi mitatu namna hii. Kwa mwenye simu janja inayofanya kazi, sioni sababu ya kubeba mzigo huu.

## 4. Kuionyesha simu yenyewe kwenye skrini: scrcpy

Hii ndiyo njia isiyosemwa sana, na inastahili kusemwa. Scrcpy ni programu huria ya bure ya Genymobile. Inachukua picha ya skrini ya simu ya Android, inaileta kwenye kompyuta kwa kebo ya USB, na kukuruhusu kuandika kwa kibodi na kubofya kwa kipanya. WhatsApp inabaki kwenye simu. Kompyuta haina ufunguo, haina historia, na haihitaji intaneti hata kidogo.

Kuiweka. Pakua faili la zip kutoka github.com/Genymobile/scrcpy, lifungue kwenye folda. Kwenye simu ingia mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, gusa namba ya toleo mara 7 mpaka uambiwe umekuwa msanidi. Rudi, ingia chaguo za msanidi, washa USB debugging, yaani ruhusa ya kompyuta kuiendesha simu kwa kebo. Chomeka kebo, kubali ombi linalotokea kwenye simu, bofya scrcpy.exe mara mbili. Ukifungua dirisha la amri ndani ya folda hiyo unaweza kuandika `scrcpy -S -m 1024`: S inazima skrini ya simu ili betri isiliwe na jirani asisome, na 1024 inapunguza ukubwa wa picha kwa ajili ya kompyuta dhaifu. Kubofya upande wa kulia ni kurudi nyuma. Ctrl+C na Ctrl+V hufanya kazi kati ya kompyuta na simu. Faili ukiliburuta juu ya dirisha linaingia folda ya Download ya simu, tayari kuambatishwa.

Data na mzigo. Hakuna upakuaji wa pili. Ile video ya MB 20 inabaki MB 20. Kompyuta ya GB 2 ya RAM inaimudu. Kwa anayeishi kwa bando la siku, hakuna njia inayoikaribia hii.

Simu. Unaongea kwa simu yenyewe. Sauti za video na za ujumbe husikika kwenye kompyuta kuanzia Android 11. Kwa Android ya chini ya hapo unapata picha tu.

Usalama. Ukichomoa kebo, hakuna kinachobaki kwenye kompyuta isipokuwa ulichonakili. Lakini USB debugging ni mlango. Izime ukimaliza, na usikubali kuiamini daima kompyuta isiyo yako. Baadhi ya programu za benki hukataa kufunguka ikiwa imewashwa, kwa hiyo usishangae.

Inapokwama. Kompyuta haioni simu: badilisha kebo kabla ya kubadilisha chochote kingine. Kebo nyingi za bei rahisi zina nyaya za kuchaji tu, hazina za data. Simu za Xiaomi huonyesha picha lakini hugoma kubofywa mpaka uwashe swichi ya pili ya USB debugging yenye maneno Security settings na kuiwasha simu upya. iPhone haikubaliwi.

Inamfaa mwenye Android, bando dogo na kompyuta dhaifu. Anayetumia kompyuta ya ofisi na hataki mazungumzo yake yabaki humo (kama ofisi inaruhusu kuendesha programu kutoka kwenye folda). Na anayetaka mambo yote ya simu, historia ya miaka yote ikiwemo. Hasara yake ni kwamba simu lazima iwepo, imechomekwa, na kwenye dirisha hilo unafanya jambo moja kwa wakati mmoja kama kwenye simu.

## Kulingana na hali yako

Duka au ofisi ndogo, kompyuta ni yenu, Wi-Fi ipo. Programu rasmi kwenye meza zinazopiga simu, kivinjari kwenye meza nyingine, jumla zisizidi 4. Mfanyakazi akiondoka kazini, mwenye simu afungue Vifaa vilivyounganishwa siku hiyo hiyo na kukiondoa kifaa chake. Orodha inaonyesha kivinjari au mfumo, na mara ya mwisho kilipotumika.

Kompyuta ya ofisi inayosimamiwa na mwajiri. Kivinjari chenye kufuli ya skrini, ukitoka kila jioni. Au scrcpy kama mazungumzo ni nyeti.

Bando la siku na umeme wa kukatika. Android ikiwa mkononi, scrcpy. iPhone ikiwa mkononi, kivinjari chenye upakuaji uliozimwa. Ukishiriki intaneti, tumia kebo badala ya hotspot ya hewani: simu inachaji badala ya kuisha. Umeme ukikatika na kompyuta ya mezani ikazimika katikati ya kutuma faili kubwa, unaanza upya; faili la karibu na GB 2, ambalo ndilo kikomo, litume ukiwa kwenye kompyuta mpakato yenye betri.

Simu imeibwa na kompyuta bado imeunganishwa. Hii inahusu njia mbili za kwanza. Kwa kuwa kompyuta inaendelea bila simu, una dakika za kunakili namba na nyaraka za lazima. Usizidishe. Mwizi naye anasoma. Fuatilia laini mpya kwa mtandao wako, sajili namba kwenye simu nyingine, na hapo simu iliyoibwa na kompyuta zote zitatolewa. Kisha unganisha kompyuta upya.

Uko steshenari au cyber, unataka kuchapa kurasa tatu. Usiunganishe kabisa. Hifadhi faili kwenye simu, chomeka kebo, chagua kuhamisha faili, mhudumu alikopi folda moja tu uliyomwonyesha. Au jitumie kwa barua pepe na uifungue kwenye dirisha la faragha. Kama huna budi kutumia WhatsApp Web, fungua dirisha la faragha, chapa, bofya nukta tatu na utoke kabla ya kulipa. Halafu ingia folda ya Downloads, chagua faili lako na ubonyeze Shift+Delete ili lisipitie pipa la taka. Ukiwa bado mlangoni, fungua Vifaa vilivyounganishwa kwenye simu. Kompyuta ya steshenari ikiwa bado imo kwenye orodha, iguse na uiondoe hapo hapo.